Fonti ya serifu yenye mapambo kwa sabuni ya mkono: Playfair, Cormorant au Cinzel?

Bi_Mwani, Paje

Assalaam alaykum jamani. Naomba msaada wa kuchagua fonti ya jina la sabuni. Sabuni inatengenezwa kwa mkono kwa mwani, karafuu na mafuta ya nazi, na jina lake ni Ng’aa. Chini ya jina kuna mstari mdogo, "Sabuni ya mwani na karafuu", halafu uzito, g 100. Tunataka serifu, yaani zile herufi zenye vijiguu mwishoni mwa mistari, iwe na pambo kidogo. Ikae kwa heshima kwenye rafu ya duka la zawadi lakini isifanane na kadi ya harusi.

Jina litatumika pahala pane:

Mkanda wa karatasi ya khaki unaozunguka kipande, upana sm 4.5, tunachapa kwa printa ya leza nyeusi.
Stika ya chupa ya mafuta ya karafuu ya ml 10, sm 5 kwa 2.5.
Mhuri wa kugonga juu ya sabuni yenyewe, jina tu, upana sm 4.
Mfuko wa merikani, jina upana sm 15, kwa skrini (wavu wa kupitishia rangi).

Tumejaribu tatu. Cormorant Garamond ni nzuri sana kwenye kompyuta, lakini kwenye stika mstari mdogo wa pointi 7 umekatikakatika. Playfair Display ina nguvu zaidi, ila ule mkato wa ng’ unaonekana kama umeachwa njiani, neno linasomeka "Ng" kisha "aa". Cinzel Decorative inageuza kila kitu kuwa herufi kubwa. Tuchague ipi? Au kila kitu kiwe na fonti yake?

mchapaji_mjini, Darajani

Wa alaykum salaam Bi Mwani. Fonti iwe moja kwa vyote vinne, vyenginevyo mteja ataona bidhaa nne za watu wanne. Lakini usianze kwa kuuliza ipi ni nzuri. Anza na mstari mwembamba kuliko wote ndani ya herufi (mimi nauita uzi) na uulize kama utafika salama kwenye kitu kigumu kuliko vyote ulivyonavyo. Kwako wewe kitu hicho ni mhuri wa sabuni.

Uzi unapimika. Fungua Inkscape, ni programu ya bure. Andika Ng’aa kwa ukubwa wa pointi 283.5, ambao ni mm 100. Geuza maandishi kuwa michoro kwa Shift+Ctrl+C, kisha bonyeza M upate rula, upime sehemu nyembamba kabisa ya N na ya a. Kwa kuwa ukubwa ni mm 100, milimita utakazosoma ndiyo asilimia. Tuseme umepata 2.5. Kwenye stika yenu jina lenye upana wa mm 35 ni kama pointi 40, yaani mm 14.1, basi uzi ni mm 0.35. Hapo hakuna wasiwasi. Mstari wa pointi 7 ni mm 2.47 tu, uzi wake ni mm 0.06. Printa ya nukta 600 kwa inchi ina nukta ya mm 0.042, kwa hiyo unaiomba ichore mstari wa nukta moja na nusu. Lazima ukatike. Kosa si la Cormorant. Ile ni fonti ya maandishi makubwa, na nyinyi mmeipa kazi ya maandishi madogo.

Vipimo ninavyovifuata mimi, chini ya hapo sichapi:

Leza kwenye karatasi laini nyeupe, mm 0.1.
Leza kwenye khaki, mm 0.2, kwa sababu nyuzi za karatasi zimeinuka na tona, ule wino wa unga wa leza, haishiki sawasawa bondeni.
Herufi nyeupe juu ya rangi nzito, mm 0.3, kwani rangi inajaa kutoka pande zote mbili.
Printa ya joto ya stika yenye nukta 203 kwa inchi, mm 0.25, yaani nukta mbili kamili.
Skrini ya 43T (nyuzi 43 za wavu kwa sentimita) juu ya merikani, mm 0.5.
Mhuri wa sabuni, mm 1.

Sasa piga hesabu ya mhuri. Upana wa mm 40 kwa neno hili unatoa herufi za mm 16. Uzi wa asilimia 2.5 ni mm 0.4, chini ya nusu ya kinachotakiwa. Si Playfair, si Cormorant, si Cinzel itakayopita hapo bila ya kunenepeshwa.

Ndiyo maana kwa kazi yenu ningechukua Fraunces. Ni fonti badilifu, faili moja lenye mihimili unayoivuta upendavyo. Uzito unakwenda 100 hadi 900. Ukubwa wa macho, opsz, 9 hadi 144. Ulaini wa ncha, SOFT, 0 hadi 100. Mhimili wa opsz ndio unaowafaa nyinyi khasa. Kwenye 144 nyuzi ni nyembamba na herufi ina madaha, kwenye 9 nyuzi zinanenepa na matundu yanafunguka, na bado ni fonti ile ile. Mfuko upe 144, mkanda na stika upe 72 hivi, mhuri upe 9 kwa uzito wa 600 au 700. Mhimili wa WONK uweke 0 kila pahala, maana ikiwa 1 inainamisha n, m na h, na katika "mwani" inaonekana kama kosa. Katika Inkscape mihimili hii iko kwenye dirisha la maandishi, tangu toleo la 1.0.

Mstari mdogo na uzito usitumie serifu ya pambo hata kidogo. Weka Lato au Source Sans, pointi 7 kwenda juu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya 2011, ya lebo za vyakula, inataka urefu wa herufi ndogo x usipungue mm 1.2. Sabuni si chakula, lakini kipimo chenyewe ni kizuri kwa macho ya mtu mzima. Lato ya pointi 7 inakaribia mm 1.25. Cormorant ya pointi 7 haifiki, x yake ni fupi mno.

nafasi_kati, Chake Chake

Nakubaliana na vipimo, ila nitaongeza la neno lenyewe, kwa sababu Ng’aa ni neno gumu kwa fonti yoyote.

Kwanza hakikisha ni mkato wenyewe, ule uliopinda kama tisa ndogo (’), si ule ulionyooka wa kwenye kibodi ('). Ulionyooka ndani ya serifu unaonekana kama kijiti kilichochomekwa. Kwenye Windows ni Alt na 0146 kwa namba za pembeni. Kwenye Inkscape bonyeza Ctrl+U, andika 2019, kisha Enter. Kwenye simu kandamiza kitufe cha mkato mpaka vitokee vyengine.

Pili, nafasi. Fonti nyingi zimepangwa kwa lugha ambazo mkato unatenganisha vitu viwili, kwa hiyo wachoraji wameuachia hewa pande zote. Kwetu ng’ ni sauti moja. Mkato ni mali ya g, ukae nayo. Tena a ni fupi na mkato uko juu, basi chini yake panabaki shimo jeupe, na hilo ndilo linalokufanya usome "Ng" kisha "aa". Weka kishale baina ya ’ na a, shika Alt, sukuma kwa mshale wa kushoto. Kwa Playfair Display tarajia sehemu 40 hadi 60 kati ya elfu moja za ukubwa wa herufi, ambayo kwa pointi 40 ni mm 0.56 hadi 0.85. Acha pale shimo la chini ya mkato linapokaribia kulingana na nafasi iliyopo kati ya a na a. Kisha tizama kati ya g na mkato. Ile g ya matundu mawili ina kisikio kinachochomoza juu kulia, na mkia wa mkato ukikigusa, vikichapwa vinaungana vikawa doa. Waachie nafasi ya nyuzi tatu.

Ukitaka herufi kubwa, NG’AA, mambo yanageuka. Mkato unaingia vizuri kwenye mteremko wa A. Shida inahamia kwa AA: juu kuna pengo kubwa la pembetatu, chini vijiguu vya serifu vinagongana kabla pengo halijapungua. Huwezi kuzisogeza zaidi. Linalobaki ni kulegeza N na G, kama sehemu 50 kati ya elfu, ili zifanane na AA. Kwa Cinzel ni lazima ufanye hivi, maana herufi zake ndogo nazo ni kubwa zilizopunguzwa. Na unapoteza mkia wa g, ambao ndio unaolipa neno hili umbo la kukumbukwa. Mimi ningebaki na herufi ndogo.

Jengine ambalo watu wetu hawaliangalii. Kurasa za kuuzia fonti zinakuonesha uzuri wa Q yenye mkia mrefu, alama ya "na" (&) iliyosokotwa, na ct na st zilizoshikana kwa upinde. Kiswahili hakitumii Q wala X, na ct hutaiona maisha. Unalipia mapambo ambayo hayatatokea kwenye lebo yako hata siku moja. Herufi za kuchunguza ni a kuliko zote, kisha k, u, w, m, n, i, g na mkato. Andika bidhaa mtakazotoa baadaye: Mwani, Karafuu, Mdalasini, Mchaichai, Zafarani, Safi. Tazama w na a zinavyokaa, k inavyopiga mguu mbele ya a, na kama fi ya "Safi" inaungana na kumeza nukta ya i. Fonti ambayo a yake ni mbaya haifai kwa Kiswahili, hata N yake iwe ya kifalme. Na kama ina a mbili mbadala, usiweke moja ya aina hii na moja ya aina ile ndani ya "aa". Pacha ziwe pacha.

Kuhusu Fraunces sina ugomvi nayo, ila umbo lake ni nene na la upole, linakwenda na vitu vya jikoni. Kama mnataka ukali zaidi, Playfair Display ya Bold bado inaweza, kwa jina tu, na mhuri ukachorwa peke yake kutokana nayo.

mchapaji_mjini, Darajani

Inaweza, ukikubali kuinenepesha. Baada ya kugeuza michoro, ongeza mstari wa pembeni wa rangi ile ile. Mstari wa mm 0.6 unaingia nusu ndani na nusu nje, kwa hiyo kila upande unapata mm 0.3 na uzi wa 0.4 unakuwa mm 1. Lakini tundu la a nalo linapungua mm 0.6 kwa kila kipimo, na la chini la g linaweza kufunga kabisa, ukabaki na vibonge. Itabidi ufungue matundu kwa mkono, nukta kwa nukta. Kwa asiyezoea, opsz ya 9 ni njia fupi.

Na tahadhari moja ya Playfair Display: namba zake za kawaida zinapanda na kushuka, kwa hiyo 100 inakaa fupi kama herufi ndogo, na 3, 4, 5, 7 na 9 zinaning’inia chini ya mstari. Kwa bei na uzito haipendezi, mtu anadhani lebo imechapwa vibaya. Namba za kusimama sawa zimo ndani ya faili, unaziwasha kwenye kichupo cha vipengele, dirisha lile lile la maandishi la Inkscape. Au andika uzito kwa Lato.

karani_wa_chapa, Mjini

La leseni, kwa ufupi. Playfair Display, Cormorant, Cinzel na Fraunces zote ziko chini ya leseni ya SIL OFL, leseni huria ya fonti. Unaruhusiwa kuzitumia kwenye nembo na bidhaa za kuuza bila ya malipo. Kisichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Zipakue kutoka Google Fonts na uhifadhi faili la OFL.txt linalokuja nazo. Tahadhari na tovuti zinazotoa fonti "za bure" zenye maandishi madogo kuwa ni kwa matumizi binafsi. Lebo ya sabuni ya kuuza si matumizi binafsi.

Alama ya biashara kwa Zanzibar inasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa huku. BRELA ndio wakala wa Bara, na usajili wa huku haukulindi kule. Mkipanga kuuza Dar es Salaam, ni maombi mawili. Muwe mmeshakata shauri la mchoro wa jina kabla ya kupeleka, kwa sababu mchoro mnaoupeleka ndio unaosajiliwa.

Bi_Mwani, Paje

Ahsanteni sana. Tumepima kama mlivyosema: Cormorant uzi wake ni mwembamba kuliko wa zote. Tumekwenda na Fraunces, herufi ndogo, mkato umesogezwa na kweli neno limekuwa moja. Nina mawili. La kwanza, mhuri tuagize wa nini, na tugonge lini? La pili, wenzangu wawili wanataka herufi zilizochorwa kama za Kiarabu, au zenye nakshi ya milango ya Mji Mkongwe ndani yake, kwa ajili ya wageni. Mnasemaje?

fundi_kalibu, Wete

Mhuri: akriliki ya mm 5, ichongwe kwa leza, herufi ziinuke mm 2 na kuta za herufi ziwe na mteremko kidogo, juu pembamba chini papana. Kuta zikiwa wima kabisa sabuni inashikwa ndani ya tundu la a na inang’oka na mhuri. Nafasi baina ya herufi na herufi isipungue mm 1, na katika tundu la a hivyo hivyo. SOFT ipeleke 100. Ncha kali za serifu ndizo zinazoanza kuchana uso wa sabuni, na pia ndizo zinazovunjika kwanza kwenye akriliki. Herufi zisibane mpaka ukingoni, acha mm 6 kutoka ukingo wa kipande, la sivyo pembe zinafunguka.

Mchoro upelekwe umegeuzwa kama kwenye kioo. Kabla ya kupokea, gonga kwenye donge la unga wa chapati. Tazama khasa mkato: usipogeuzwa pamoja na herufi nyengine, unatoka umepinda upande mwengine, na kosa hilo halionekani mpaka sabuni ishapigwa.

Wakati wa kugonga: sabuni isiyopikwa, siku mbili hadi nne baada ya kumimina, mkishakata. Bonyeza kidole gumba pembeni. Kikinata, ni mapema, mhuri utatoka na nyama. Kisipoacha alama yoyote, mmechelewa, uso utapasuka kwenye kona za N. Panapotakiwa ni pale kidole kinapoacha kibonde kidogo kisafi. Mkiwa na mafuta ya nazi mengi ndani yake inakuwa ngumu haraka, basi anzeni kujaribu siku ya kwanza. Pakeni unga wa mahindi mwembamba sana juu ya mhuri kwa brashi, kung’uteni, shindilia mara moja wima, msiutikise. Ukitikiswa serifu zinakuwa mbilimbili.

nafasi_kati, Chake Chake

La herufi za kujifanya za Kiarabu, nasema msifanye. Herufi za Kirumi zilizopindwa ili zifanane na Kiarabu hazisomeki kwa Kiswahili wala si Kiarabu, na sisi ambao tumesoma chuoni tunaijua khati nzuri ikoje. Mkitaka Kiarabu kweli, mpeni mwandishi wa khati aliandike jina kwa mkono, liwe mstari wake peke yake, tena awe mtu anayejua kuiandika ng’ kwa hati hiyo, kwa sababu alfabeti ya Kiarabu yenyewe haina herufi ya sauti hiyo.

Nakshi ya mlango ni wazo zuri, lakini iwe nje ya herufi. Mnyororo, waridi, magamba ya samaki, yungiyungi, hayo yote yamo kwenye fremu za milango, nanyi pambo lizunguke vivyo hivyo, katikati paachwe jina lisomeke. Chukua mnyororo mmoja, uwe ukanda wa urefu wa mm 4 juu na chini ya mkanda wa khaki, mistari yake isipungue mm 0.3. Na kanga nayo itizameni: pindo lina maua tele, jina limeandikwa herufi kubwa nene zisizo na pambo, na linasomeka mtu akiwa ng’ambo ya barabara.

mchapaji_mjini, Darajani

Kabla ya kuchapa mingi: kipande cha sm 8 kwa 5.5 kwa 2.5 kinataka mkanda wa sm 16 kuzunguka, na sm 1.5 ya kupandishia gundi, jumla 17.5. Kwa upana wa sm 4.5 inaingia mikanda sita kwenye A4 moja, imelala kwa upana wa karatasi, na inabaki zaidi ya sm 1 juu na chini kwa ajili ya printa. Khaki isizidi gramu 120 kwa mita ya mraba, nzito zaidi inapinda kwenye roli na tona inapasuka pale mkanda unapokunjwa. Pangeni jina likae katikati ya uso wa sm 5.5, mbali na mkunjo kwa mm 8 angalau.

Chapa karatasi moja tu, funga vipande sita, viache siku tatu ndani ya chumba kisicho na feni. Hewa ya pwani inaifanya sabuni itoe jasho, na hapo ndipo mtakapojua kama karatasi inajikunja au inaota madoa ya mafuta chini ya jina. Stika ya chupa iwe ya plastiki, si karatasi, na juu yake pawe na utando wa kulinda. Mafuta ya karafuu yanalainisha tona, tone moja likiteremka kutoka mdomoni mwa chupa linafuta mkato kabla ya kitu chengine chochote.